Ubeti wa Pili wa Wimbo wa Saba

Muaither, Doha
Ijumaa, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Naomba karatasi hii ikukute umeketi, maana nalijua goti lako la kushoto na najua unavyolidharau. Bado linakuuma ukishuka kwenda kanisani? Na kile kikohozi cha baridi ya Wundanyi kimekuachia? Kwaya je, wale wazee wa sauti ya nne wameshika mahali pao, au bado unawapigia meza kwa rula? Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, naenda kazini. Lakini nina hofu, Mama, hofu ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nipande ndege kuja huku, na ndiyo maana nimeshika kalamu. Kwenye simu ungenisikia sauti inatetemeka, ungeuliza, "Kuna nini?" nami ningejibu, "Hakuna kitu," kama kawaida yangu. Mshai, anayefanya kazi jikoni hotelini kwetu, anarudi Voi likizo Jumatano. Nimemwomba akuletee barua hii mkononi, isipitie kwa mtu mwingine.

Mdogo wangu Mkamburi aliniandikia kwamba ulisikia wimbo wangu redioni ukichambua maharagwe, ukanyamaza mpaka ukaisha, kisha ukasema, "Uzi wa pili umelegea." Nilicheka hadi wenzangu chumbani wakauliza nimepata bahati nasibu gani. Ni kweli ulikuwa umelegea. Basi sasa ujue kwamba ule haukuwa wimbo mmoja. Nimetoa albamu nzima, nyimbo tisa, sauti yangu na gita tu. Hakuna ngoma, hakuna kinanda, hakuna hata mtu wa kuitikia.

Nikuambie ilivyokuwa, kwa sababu bila hiyo hutaelewa hofu yangu.

Gita niliachiwa na dada mmoja Mfilipino alipomaliza mkataba wake; begi lake lilikuwa limejaa. Kwa mwaka mzima nilikuwa nalipiga kitandani kwangu hapa kempu, kwenye mabweni ya wafanyakazi, polepole, kwa ncha za vidole, kwa sababu tuko wanne chumbani na daima kuna anayelala. Halafu Ijumaa moja, maana huku ibada ni Ijumaa, kanisani waliniomba niimbe wakati wa sadaka. Nikaimba wimbo wangu mwenyewe. Baada ya ibada alinifuata Mkenya mmoja anaitwa Otieno, fundi wa kompyuta, anayekaa mtaa wa Fereej Bin Mahmoud na mkewe Rehema, ambaye ni nesi. Akaniambia, "Wakesho, hiyo kitu tuirekodi vile iko. Nikiongeza vyombo nitakuficha." Alinipa kinasa sauti kidogo, chaweza kuingia mfukoni, akanifundisha kukiweka mbali kidogo na mdomo.

Shida ilikuwa mahali. Hapa kempu AC inanguruma mchana kutwa. Kwa Otieno, jirani wa juu alikuwa anavunja ukuta mwezi mzima. Lakini hotelini kwetu, mtaa wa Al Sadd, ghorofa ya tano ilikuwa imefungwa ikisubiri ukarabati. Mazulia bado yako, mapazia mazito bado yako, na hakuna mgeni hata mmoja. Na mimi, Mama, nilikuwa na ufunguo. Maji yakikaa kwenye mabomba bila kutumika yanaharibika, kwa hiyo supavaiza wetu, Madam Luz, alinipa kazi ya kupanda huko kila siku nifungulie maji chumba kwa chumba, yatiririke dakika tano, nifunge.

Nikawa namaliza mabomba, kisha mapumziko yangu ya chakula nayatumia chumba cha mwisho, upande usio na barabara. Gita nilipandisha kwenye kitoroli, chini ya mashuka. Moyo wangu ulikuwa unapiga kuliko wimbo. Kila kengele ya lifti ilinifanya ninyamaze katikati ya neno. AC zilikuwa zimezimwa, kwa hiyo nilikuwa natoka huko nimelowa jasho, naosha uso, nashuka kama mtu aliyetoka kufanya kazi tu. Ilinichukua wiki sita. Nilijua kwamba si ruhusa. Sitaki kukudanganya hapo. Nilikuwa najiambia, chumba kitupu kinamdhuru nani?

Wimbo wa saba ni wa Baba. Nitaurudia chini huko, nivumilie. Siku nilipouimba ulitoka wote kwa mara moja, na nilipofika ubeti wa pili, spika za kwenye dari zikaanza: "Tafadhali sikilizeni, hili ni jaribio la king'ora," na jina la hoteli likatajwa kwa Kiarabu na kwa Kiingereza. Sikunyamaza. Sijui kwa nini. Niliendelea kuimba huku yule mama wa kwenye spika anasema yake, mpaka mwisho.

Otieno aliusikiliza akashika kichwa. "Hii lazima urudie. Kama kungekuwa na ngoma ningeificha, lakini hapa ni wewe na gita. Kila kitu kinasikika."

Nilirudia mara nne, Mama. Mara zote nne niliimba kama mtu anayesoma tangazo. Mwishowe nikamwambia auache ule wa kwanza. Tangazo liko mbali, nani atasikiliza hadi wimbo wa saba?

Watu walisikiliza. Albamu iliwekwa mtandaoni, wiki mbili za kwanza walikuwa ni watu wa kanisani tu, halafu mtangazaji mmoja huko nyumbani akacheza ule wimbo uliousikia, na hapo nikaanza kupata ujumbe kutoka kwa watu nisiowajua. Mlinzi mmoja Mganda alinisimamisha getini kunionyesha simu yake. Nikaona fahari, nisikufiche. Siku ya tatu ya hiyo fahari niliingia chumba cha chakula cha wafanyakazi, na wavulana wa kubeba mizigo walikuwa wanasikiliza wimbo wa saba, wanarudisha nyuma, wanasikiliza tena. Mmoja akaniangalia akacheka. "Wakesho, hiyo si king'ora yetu?"

Chai niliyokuwa nimeshika ilinimwagikia mkononi na sikuhisi moto wake mpaka baadaye.

Kesho yake Madam Luz alinikuta nikitandika kitanda. Hakunitazama usoni. Alisema, "Mudir anakutaka kesho saa nne. Uje na kitambulisho chako." Mudir ndivyo tunavyomwita meneja mkuu. Akasimama kidogo mlangoni, akaondoka.

Mama, hofu ina ladha. Ilikuwa kama nimelamba sarafu. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda cha mgeni, jambo tusiloruhusiwa kabisa, nikaanza kuhesabu yatakayonipata. Kufukuzwa. Kibali kufutwa. Pengine kushtakiwa kwa kuingia mahali pasipo ruhusa na kurekodi. Lakini lililonisumbua zaidi ni Madam Luz. Ufunguo ule ulitolewa kwa sahihi yake, si yangu. Ana watoto watatu kwao, na mama yake mgonjwa, na hajawahi kuchelewa hata siku moja. Mimi nimeimba nyimbo zangu juu ya sahihi ya mtu mwingine.

Nakato, Mganda ninayekaa naye chumba kimoja, aliniambia nikatae. "Wewe sema ulirekodia hapa kempu. Watathibitisha na nini? Na huo wimbo muutoe sasa hivi." Nikampigia Otieno, nikamweleza. Akasema, "Tulia. Nautoa. Dakika tano." Akautoa. Nilijisikia nafuu kidogo, kisha nikaona kwamba nafuu yenyewe ilikuwa ya mwizi aliyefukia kitu.

Asubuhi iliyofuata nilivaa sare nikavua nikavaa tena kwa sababu vifungo niliviruka. Ofisini walikuwa Mudir, dada wa idara ya wafanyakazi na karatasi zake, na Madam Luz amesimama karibu na dirisha. Mudir ni mtu wa makamo, Mlebanoni, mpole wa sauti, na upole wake ulinitisha zaidi kuliko kelele. Tuliongea Kiingereza, nakuandikia kwa lugha yetu.

"Jana nilisikiliza nyimbo tisa," akasema. "Leo asubuhi ziko nane. Ya saba imekwenda wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema ya Nakato. Nikakigeuza kitambulisho mkononi.

Mudir akabonyeza simu yake. Mtu alikuwa amemhifadhia. Nikajisikia mwenyewe nikiimba ndani ya ile ofisi, na yule mama wa king'ora akaingia juu yangu, na jina la hoteli likasikika wazi kama limeandikwa ukutani.

"Ulikuwa chumba gani?"

"Mia tano kumi na nane, bwana."

"Nani alikupa ufunguo?"

"Nilipewa kwa kazi ya mabomba. Hakuna aliyenipa kwa kuimba. Madam Luz hakujua chochote."

"Nilijua," akasema Madam Luz.

Sote tukamgeukia. Mikono yake ilikuwa nyuma, kama mtoto wa shule.

"Nilimsikia wiki ya kwanza. Alikuwa kwenye mapumziko yake. Mabomba yote alifungulia, nilikuwa nakagua kila siku. Nilikuwa nasimama pale lifti kuzuia wengine wasimkatize." Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Ni kosa langu, bwana."

Mama, kumbe kengele zile za lifti zilizokuwa zinanikausha mate, nyingine zilikuwa ni yeye.

Yule dada aliandika. Ndipo Mudir akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. "Mahali hapo tangazo la king'ora linapoingia, unasema nini? Unalia. Unaisema hoteli yangu? Kama unaisema hoteli, hilo ni jambo jingine na litakwenda kwa watu wengine."

"Hapana, bwana. Ni habari za baba yangu."

"Nitajuaje? Nitafsirie."

Basi nikamtafsiria. Neno kwa neno, mikono imeshika kitambulisho. Jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote chini ya jua nilimwambia mgeni, kwa Kiingereza, mbele ya mtu anayeandika. Nilipomaliza, kalamu ya yule dada ilikuwa imesimama.

Mudir akasema, "Mama yako anajua?"

"Hapana."

"Hili langu ni la karatasi," akasema. "Hilo jingine siwezi kukusaidia."

Nilipewa barua ya onyo la mwisho. Madam Luz naye alipewa onyo, la kwanza katika maisha yake yote hapa, na sitalisahau hilo. Mimi nimeondolewa vyumbani, niko chini kwenye dobi sasa, na mashine za kufulia. Nyimbo ninaruhusiwa kubaki nazo, lakini jina la hoteli lisisikike popote. Tulipoingia kwenye lifti nililia, nikamwambia Madam Luz anisamehe. Akanipa kitambaa akasema, "Huko dobi imba unavyotaka. Mashine zina kelele, hakuna atakayekusikia." Kisha akacheka, na mimi nikacheka huku kamasi zinatoka.

Ungedhani hofu iliishia hapo. Hapo ndipo ilipoanza, Mama.

Otieno aliniita kwao tuutengeneze wimbo. Akaufungua kwenye kompyuta, akanionyesha mistari ya sauti. "Tangazo limelala juu ya ubeti wa pili wote. Nikikata tangazo, ubeti unaenda nalo. Lakini wimbo utasimama bado, utakuwa mfupi tu. Hakuna mtu atajua kulikuwa na kitu hapo."

Hakuna mtu atajua. Nilibeba maneno hayo kwenye basi la kampuni siku mbili, kutoka kempu hadi kazini, kutoka kazini hadi kempu. Nilikuwa nimepewa mlango, na nilitaka sana kupita. Siku ya tatu nikarudi kwa Otieno na gita. Rehema alichomoa waya wa friji, akatandika blanketi dirishani, akatoka kukaa kwenye ngazi ili asinione. Nikauimba ubeti ule upya. Sauti imetetemeka, na gita safari hii uzi hata mmoja haujalegea. Otieno alisema umetoka vizuri. Utarudishwa mtandaoni wiki moja baada ya Mshai kufika, nimepanga hivyo makusudi, ili uanze kusoma kabla ya kusikia.

Sasa niliseme, Mama. Kalamu imekuwa nzito.

Siku Baba alipobanwa na pumu ile mara ya mwisho, ulinituma zahanati nikachukue dawa yake ya kuvuta. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilipochelewa nilikuambia kulikuwa na foleni hadi nje, na kwamba Mzee Mwadime, mgawa dawa, alikuwa amefunga dirisha akaenda kunywa chai. Uliniamini. Ulimlaani mbele ya watu siku ya mazishi, na tangu siku hiyo, miaka kumi, hujamsalimia. Nimekuona ukivuka barabara na ndizi kichwani ili usipite dirishani kwake. Nimemwona yeye akivua kofia kukusalimia, na kuirudisha kichwani.

Hapakuwa na foleni, Mama. Hapakuwa na mtu hata mmoja. Mzee Mwadime alinipa dawa kabla sijamaliza kulitaja jina la Baba, akaniambia, "Kimbia, mwanangu." Na nilikimbia. Nilikimbia hadi pale kanisani. Vijana walikuwa wameletewa gita jipya, la kwanza mimi kuliona kwa karibu, na mmoja alikuwa anajaribu nyuzi. Nikasimama mlangoni nipumue kidogo tu. Kisha nikaketi kwenye ngazi. Dawa ilikuwa mfukoni mwa sketi yangu, nilikuwa naishika kwa mkono, nikasikiliza nyimbo tatu. Nilipofika kwenye kona ya nyumbani nilisikia sauti yako ukimlilia Baba.

Ubeti wa pili ni huu:

*Alisema kimbia, nikakimbia,
nikafika mlango wa wimbo nikaketi,
dawa ya baba nimeifumbata,
inapata joto la mkono wangu,
na kifua chake kinapoa.*

Sijui kama Baba angepona ningefika mapema. Nilimuuliza Rehema, ambaye ameona wengi wa pumu, bila kumwambia ni nani. Alisema huenda ndiyo, huenda hapana, hakuna awezaye kujua. Kwa hiyo sikuandikii nikitafuta uniambie kwamba si mimi. Nakuandikia kwa sababu nilikuachia uchungu wako umwangukie mtu ambaye hakufanya lolote ila kuniharakisha.

Ninaogopa. Naogopa simu yako, na naogopa usipopiga. Naogopa kwamba ukisikia gita lolote tangu leo utaliona kwa jicho jingine. Usiku na mchana najiuliza kama nimekuibia amani kidogo uliyokuwa nayo. Ukitaka kunyamaza kwanza, nyamaza, nitangoja. Ukitaka wimbo usirudishwe, mwambie Mkamburi aniandikie neno moja tu, "hapana," na hautarudishwa kamwe. Watu wengine hawanidai kuujua. Wewe ulikuwa na haki ya kuujua kabla ya meneja wa hoteli, na hilo pia naomba unisamehe.

Nisalimie Nyanya, mama yake Baba. Kama umsomee haya au usimsomee, nakuachia wewe, ni mwanawe. Msalimie Mkamburi mdogo wangu, na asiifungue barua hii kabla yako, namjua. Msalimie Mjomba aliyenifundisha kushika gita, umwambie hakukosea, kosa lilikuwa langu peke yangu. Wasalimie wazee wa sauti ya nne.

Na Mzee Mwadime, Mama. Siku utakayoweza, hata kama si karibuni, nenda dirishani kwake umsalimie. Ukishindwa kumweleza, mpe karatasi hii aisome mwenyewe. Nimeiandika kwa herufi kubwa kidogo, kwa ajili ya macho yake.

Ni mimi mwanao niliyechelewa,

Wakesho